Nyota ya Chungwa Ilikuwa Inatokea Wapi?

Wenzangu mliokulia Ifakara miaka ile mto ukivukwa kwa pantoni, nisaidieni, maana mimi na dada yangu tumefikia mahali pa kununiana, na umri wetu huu si wa kununiana. Ile nyota yenye rangi ya chungwa lililoiva, jioni ilikuwa inatokea wapi? Upande wa milima ya Udzungwa, linakozama jua? Au upande wa pili, linakochomoza? Msiharakishe kujibu. Mimi niliharakisha, nikaapa kabisa, na baadaye sikujua hata nilikuwa nimeapia nini.

Tulipokuwa wadogo mwaka wetu ulikuwa na nyumba mbili. Watu wa bondeni mnajua ninachosema. Mvua zikianza, wazazi wanahamia shamba. Siyo kwenda na kurudi kama vijana wa siku hizi wanaolima kwa bodaboda, asubuhi yuko shambani na saa saba mchana yuko kijiweni anabishana habari za mpira. Kuhamia kwelikweli: sufuria, mikeka, chandarua, kuku na majembe, vyote vinapandishwa kwenye pantoni, na watu wanabaki hukohuko hadi mpunga uingie kwenye magunia. Shamba letu lilikuwa ng'ambo, kwenye mbuga za upande wa Lupiro. Baba, Mungu amrehemu, alijenga dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, kwa sababu kuna majira maji yalikuwa yanapita chini ya kitanda bila kupiga hodi. Wakati wa likizo tulikuwa tunalala huko na kuamia ndege wasiumalize mpunga, tunarusha madongo kwa kombeo mpaka bega linauma. Shule zikifunguliwa tunarudishwa mjini kwa bibi, na mama na baba wanabaki na shamba lao.

Bibi, mama yake baba, alikuwa na nyumba ya matofali mabichi nyuma ya soko, na alikuwa na sheria nyingi kuliko serikali. Usipige mluzi ndani. Usile umesimama, chakula kitashukia miguuni. Usikae kizingitini, utawazuia wageni wenye zawadi. Sikuwahi kujua sheria hizo zilipotoka, wala sikumbuki mgeni yeyote aliyewahi kuja na zawadi, lakini nimejikuta nawaambia wanangu maneno hayohayo, tena kwa sauti yake. Asubuhi alikuwa anatuamsha kwa kugonga sufuria na mwiko. Tunaondoka na fagio mkononi na kidumu cha maji kichwani, tunakimbia mchakamchaka kwenye vumbi au kwenye tope, kutegemea majira, na mwalimu wa zamu anatungoja getini na fimbo yake ya mpera. Leo mtoto anapelekwa shule kwa bajaji na bado anasema amechoka.

Jioni bibi alipika wali na kambale wa kukausha, mchuzi umekolea nyanya na bamia, na ule moshi wa kuni ukikaa kwenye nguo zetu mpaka darasani. Kilichogombaniwa hakikuwa samaki. Uligombaniwa ukoko, ule wali uliogandia chini ya chungu ukaungua kidogo, mgumu, unalia mdomoni ukiutafuna. Watoto wangu walikulia kwenye sufuria zisizogandisha kitu. Nikiwaeleza utamu wa ukoko wananitazama kwa huruma.

Mwaka niliokuwa darasa la pili nilisumbua kuliko miaka mingine. Kila mama alipofunga mzigo mimi nilifungua. Jioni moja kabla hawajavuka, alituita uani mimi na dada yangu Fausta, ambaye alikuwa ameshavuka darasa la nne na kwa hiyo alijiona mtu mzima. Mama akanyoosha kidole juu. "Mnaiona ile iliyoiva?" akasema. Tukaiona. Katikati ya nyota zote nyeupe, ile moja ilikuwa na rangi yake ya peke yake. "Basi kila jioni itafuteni hiyo. Mkiiona, mjue na mimi niko chini yake." Akaingia ndani kumalizia mizigo, na sisi tukabaki pale na shingo zetu juu.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo kazi yetu. Wenzetu wanacheza kombolela, na giza likianza kuingia ndio mchezo unanoga, lakini mimi na Fausta tunasimama katikati ya uwanja tunatazama angani, na tunakamatwa kirahisi kama kuku wa kizungu. Aliyeiona kwanza alistahili ukoko. Fausta alikuwa mrefu, akadai watu warefu wanaona nyota mapema zaidi, nami nilimwamini kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Nilikuwa naisimulia mambo ya shule: nani amechapwa, nani ameiba gololi zangu, nani amejikojolea wakati wa hesabu. Sikuona aibu yoyote. Nilikuwa na hakika kwamba saa ileile mama naye amekaa mlangoni mwa dungu anaitazama, na kwamba macho yake na yangu yanakutana pale juu. Kati ya yote niliyoyaamini utotoni, hilo ndilo nililobaki nalo. Mengine yalikufa moja moja, kama kawaida.

Sasa hapa ndipo ninapochanganyikiwa. Nakumbuka vizuri kabisa kwamba nyota ile ilikuwa inashuka. Wakati wa palizi, mama akiwa ameinama shambani na sisi tumeinama darasani, kila jioni ilikuwa chini kidogo kuliko ya nyuma, inaelekea milimani. Nilikuwa namwambia Fausta itaanguka, naye ananiambia ninyamaze. Kisha masika ikaingia. Wenyeji mnaijua masika yetu: mawingu yanakaa juu ya mji kama mgeni asiye na kwao. Mto ukajaa, pantoni ikasimamishwa, na watu wa ng'ambo wakawa hawana habari zetu wala sisi zao. Hapakuwa na simu ya kusema "mama upo?" Nyota haikuonekana tena. Niliacha kula ukoko, na bibi akajua nimeumwa kweli.

Halafu mvua zikakata, na jioni moja Fausta akapiga kelele uani mpaka majirani wakatoka wakidhani ni nyoka. Nyota ilikuwa imerudi. Ile ile, iliyoiva, ya rangi ya chungwa. Ila ilikuwa upande wa pili kabisa, mashariki, inapanda. Nilimuuliza Fausta imefikaje kule wakati niliiona kwa macho yangu ikielekea milimani. Akafikiri kidogo, kisha akanieleza kwa ile sauti yake ya ualimu kwamba mto ulikuwa umejaa, kwa hiyo nyota imezungukia nyuma, imepitia Mahenge. Nikaona ni sawa kabisa. Hata mabasi yalikuwa yanafanya hivyo barabara ikikatika. Bibi alipoulizwa akasema muhimu imefika salama, tuache kuisumbua na maswali ya njia.

Baada ya hapo mambo yalikuwa mazuri tu. Nyota inapanda, mpunga unaiva, na siku haziko mbali. Likizo ya katikati ya mwaka tunavuka kwenda kuvuna. Mpunga mchanga unakaangwa na kutwangwa mpaka unakuwa bapa, ndiyo pepeta hiyo, unaila ya moto na harufu yake inakupanda puani mpaka unasahau jina lako. Mama alikuwa mweusi kwa jua, mikono imekwaruzwa na majani ya mpunga, na alikuwa anatushika vichwa vyetu kimoja kimoja kama mtu anayechagua matikiti. Hakuwa mtu wa kukumbatia. Alituangalia tu, muda mrefu, kisha anasema tumekonda, hata kama tumenenepa.

Kwa hiyo mnaona shida yangu. Mimi nikiikumbuka nyota ile naiona inashuka milimani, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inanichukulia mama. Fausta akiikumbuka anaiona inapanda mashariki, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inamrudisha. Tungeweza kuachana na jambo hili na kufa nalo kila mtu na lake. Lakini mwaka huu ilitubidi tulimalize.

Mama bado yupo, namshukuru Mungu. Alikuwa akiishi peke yake Ifakara, kwenye nyumba aliyoiacha bibi, ambayo sasa ina bati na umeme. Fausta aliolewa Mngeta, na hadi leo ana mashamba yake ya mpunga na anakaa zaidi huko kuliko nyumbani kwake. Mimi niko Morogoro, nauza spea za baiskeli na pikipiki. Mwanzoni mwa mwaka mama alianza kuvimba miguu, akipanda ngazi ya kanisa anasimama katikati kutafuta pumzi. Tukampeleka hospitali. Daktari, kijana mpole, akamwamkia vizuri, akampima, kisha akatuita pembeni akasema moyo umechoka, na kwamba kuanzia sasa asiishi peke yake hata kidogo. Siku nyingine anaweza kuanguka ndani na asipate wa kumwinua.

Tulikubaliana mimi na Fausta aje kwangu. Mama akakataa. Tukambembeleza, akakataa. Nikamwambia chumba kipo, choo kiko ndani, mke wangu anampenda. Akasema anajua. Padri akaja kumsihi, mama akamkaribisha chai, akamsikiliza kwa heshima, akakataa. Tulipomuuliza sababu alikuwa na neno moja tu: "Hapa ndipo ninapotazamia. Siendi." Na kweli kila jioni, jua likishazama, alikuwa anachukua kigoda chake anakwenda kukaa nyuma ya jiko, mahali palipo wazi, ametulia anatazama mbali. Binti wa jirani aliyekuwa anamsaidia kuteka maji alitueleza kitu kilichozidi kunivuruga. Alisema siku nyingine mama anageukia magharibi, siku nyingine anageukia mashariki, na ukimuuliza anatafuta nini anasema, "Wanangu, niacheni."

Mimi na Fausta tulielewa mara moja, au tulidhani hivyo. Mama bado anaitafuta ile nyota. Anadhani akiondoka Ifakara ataipoteza. Nikasema kwa simu, basi ni rahisi, tutamwonyesha kwamba hata Morogoro ipo, nyota haina kijiji. Fausta akasema, "Utamwonyesha ipi? Wewe unayoisema ya magharibi siyo." Nikamwambia ya mashariki ndiyo siyo. Hapo tukaanza. Alinikumbusha kwamba nilikuwa mtoto mdogo na nilikuwa nalala mapema. Nami nilimkumbusha habari ya nyota kupitia Mahenge. Akakata simu. Watu wazima, wajukuu tunao, na mama anaumwa.

Nikaona nitafute mwenye elimu. Mwanangu Neema ni mwalimu wa fizikia, anafundisha sekondari huko Singida. Nikampigia jioni, nikamwambia hebu toka nje uangalie nyota ya chungwa iko wapi. Akasema, "Subiri baba, niifungue kwenye simu." Nyota iko juu ya paa lake na yeye anaitafuta kiganjani! Baadaye akanitumia ujumbe wa sauti, mrefu kama hotuba. Alisema nyota za rangi hiyo ni nyota zilizozeeka. Zikizeeka zinavimba, zinakuwa kubwa kupita kiasi, na uso wake unapoa, ndiyo maana zinageuka rangi ya chungwa. Akasema hata jua letu siku moja litafika huko. Nikamuuliza lini, akaniambia nisiwe na wasiwasi, nifungue duka tu. Kisha akasema nyota za namna hiyo zinazoonekana kwa macho matupu ziko zaidi ya moja, na akaniuliza niliiona mwezi gani, saa ngapi, nyuzi ngapi kutoka upeo wa macho. Nikamwambia nilikuwa darasa la pili. Sikuelewa kitu kinavimbaje huku kinapoa, wala sikuelewa habari ya zaidi ya moja. Nilichukulia ni yale mambo ya vijana, huulizi kimoja ila unarudishiwa vitano.

Mwanzoni mwa Mei nikaenda Ifakara. Fausta naye akaja kutoka Mngeta na mfuko wa mchele begani, akanisalimia kwa ubaridi. Mvua zilikuwa zimekata mapema mwaka huu, anga imeoshwa safi, hakuna hata wingu la kujipangusia. Tulingoja jua lizame. Mama akachukua kigoda chake akaenda nyuma ya jiko, akakaa ameelekea magharibi. Nikamwangalia Fausta kwa ushindi. Giza lilipoanza kushika, pale juu kidogo ya Udzungwa, ikawaka. Ya chungwa, iliyoiva, inashuka. Sikuwa nimeikosea hata kidogo. Nilichuchumaa karibu na mama nikamwambia, "Mama, ile pale. Hiyo hata kwangu ipo, nitakuonyesha kila siku."

"Beni," Fausta akaniita kutoka nyuma yangu. "Hebu geuka."

Nikageuka. Alikuwa amesimama na mkono umenyooka kuelekea mashariki. Juu ya migomba ya jirani kulikuwa na nyingine. Ya chungwa, iliyoiva, inapanda.

Nilitazama huku, nikatazama kule, nikarudi huku. Nilitamani moja iwe taa ya mnara wa simu, lakini haikuwa. Zilikuwa mbili. Zimekuwa mbili siku zote. Ile ya palizi ilikuwa inazama kipindi hikihiki, na nyingine inapanda kipindi hikihiki, na miaka yetu yote ya utoto masika ilikuwa imetufungia pazia katikati. Mawingu yalipofunguka tukakuta nyota ya chungwa mashariki, tukaipokea kwa vigelegele tukidhani ni ileile imerudi safari. Sikumsimulia mama habari zangu kupitia nyota moja. Nusu ya mwaka niliisimulia hii, nusu ile.

Fausta naye alikuwa ameshusha mkono. Hatukuwa na la kubishania tena, na hilo ndilo lilituogopesha, kwa sababu sasa hatukujua tumwonyeshe mama ipi. Tukaona tumuulize mwenyewe. Yeye ndiye aliyetupa.

"Mama," nikasema, "ipi?"

"Ipi nini?"

"Nyota. Ile ya chungwa. Uliyokuwa unaitazama ukiwa dunguni."

"Mimi?" Mama alicheka mpaka akakohoa, Fausta akamsugua mgongo. "Mimi niangalie nyota? Jioni ile kuni mbichi, moshi, mbu, baba yenu anataka maji ya kuoga, chungu hakijachemka? Sijawahi kuangalia nyota hata siku moja. Nyota niliwapa nyie."

Fausta akachuchumaa mbele yake. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo, sauti ya mtoto wa shule. "Sasa wewe ulikuwa unatazama wapi, mama?"

"Nilikuwa natazama Ifakara," mama akasema, kana kwamba tumemuuliza jina lake. "Nikishaipua chungu nakaa mlangoni, nageukia mliko. Hakuna kinachoonekana, nyasi tu na maji. Lakini ndiko mliko. Bibi yenu alikuwa amenipa habari kwamba kila jioni mnasimama kwenye njia ya pantoni mnalia. Nikaona niwape kitu cha juu, msitazame njia."

Nilimuuliza na sasa je, mbona kigoda leo kiko huku na siku nyingine huwa kule. Akanionyesha magharibi kwa kidevu. "Leo zamu ya Fausta. Mngeta iko huku. Jana ilikuwa zamu yako, Morogoro iko kule inakotokea barabara. Ndiyo maana nawaambia hapa ndipo ninapotazamia. Hapa niko katikati yenu."

Sitaki kuwadanganya kwamba nilifurahi. Kwanza niliumia. Maisha yangu yote nilikuwa na hakika kwamba macho yetu yalikuwa yanakutana, na kumbe hayakukutana hata jioni moja: mimi nilikuwa natazama juu, na yeye alikuwa ananitazama mimi. Sikujua nikasirike, nicheke au nilie. Nadhani nilivifanya vyote, na vyote nikavifanya vibaya. Fausta alikuwa ameshaweka kichwa mapajani mwa mama, mwanamke wa makamo yake, na mama akawa anamshika kichwa kama anayechagua tikiti.

Ili nipate la kusema, nikamweleza mama maneno ya mjukuu wake, kwamba nyota zote mbili hizi ni wazee, zimevimba kwa uzee. Macho yake hayana nguvu tena, lakini aligeuza shingo upande huu, kisha upande ule. "Zimevimba miguu?" akauliza. Nikamwambia zimevimba zote nzima. "Masikini," akasema. "Shikamooni basi, kama mmenizidi."

Fausta, ambaye siku zote amekuwa na akili ya haraka kuliko mimi, akainua kichwa. "Mama, ukienda kwa Beni utakuwa na mtu mmoja tu wa kumtazama. Mimi peke yangu. Yeye utakuwa naye hapohapo."

Mama akanitazama. "Beni atakuwa kando yangu?"

"Kando kabisa."

"Mngesema hivyo tangu mwanzo," akasema, "msingemsumbua padri."

Kwa hiyo mama yuko kwangu sasa. Tulipita lile daraja jipya siku ya kuondoka, maana alitaka kuuona mto mara moja kabla ya safari, na hatukungoja chochote wala hatukulipa nauli ya pantoni. Tulikwenda ng'ambo na kurudi kabla sijamaliza kumwonyesha mahali pantoni ilipokuwa inatia nanga. Vijana wanapita pale kwa pikipiki hata hawatazami chini. Siwalaumu. Mto ambao haukuzuii kumfikia mama yako utautazama wa nini? Enzi zetu tulikuwa na umasikini wa kutosha na malaria ya kutosha, na sitamani virudi. Kilichonitoka ni kitu kingine, na nilikuwa sijalijua jina lake mpaka jioni yake ya kwanza hapa Morogoro.

Alitoka uani akaniuliza Mngeta iko upande gani. Hilo nililijua, nikamwonyesha. Akakaa, akatazama, akatulia. Nami nikaketi pembeni yake, simu mkononi, inalia lia kama kawaida. Ilikuwa Neema. Ametuma picha ya chakula chake, wali na maharage, na baada yake picha ya mapazia mapya. Nikamwonyesha mama. Mama akayasifu mapazia. Kisha akauliza, "Na huyu Neema wako yuko upande gani?"

Nikamwambia Singida.

"Nimesikia Singida. Upande gani?"

Nikasimama. Niligeukia milima ya Uluguru, nikaona siyo. Nikageukia kwenye duka la jirani, nikaona huenda. Nilikuwa najua Neema amekula nini mchana, najua anafundisha kipindi gani kesho, najua amegombana na nani ofisini na amevaa gauni gani. Ninaongea naye kila siku ya Mungu, zaidi ya mama alivyoongea nami katika utoto wangu mzima. Nilizunguka pale uani mzunguko mmoja, nikarudi nilipoanzia.

"Sijui, mama," nikasema.

Hakunicheka. Alinitazama kwa ule mshangao wake wa kweli, akiwa anataka kuelewa tu.

"Sasa jioni," akaniuliza, "huwa unatazama wapi?"